Kidonge Kizima

Orodha ya vituo vya mafunzo ilibandikwa kwenye mlango wa maabara siku ya Ijumaa, na wanafunzi wa famasia wakaizonga kama kuku waliomwagiwa mtama. Huyu kapata hospitali kuu, yule kapata kiwanda cha dawa chenye viyoyozi. Binti mmoja alishuka na kidole mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, akakuta jina lake limetazamana na neno moja tu: Gereza.

“Wiki nane!” rafiki yake alipiga kelele nyuma yake. “Umekula wiki nane bila kosa! Usijali, tutakuletea sabuni siku ya kutembelea wafungwa.”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na yeye akacheka, maana anayechekwa akinuna huchekwa mara mbili.

Gereza lenyewe lilikuwa mtaa wa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, mkunga mstaafu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Ndiyo maana alipangiwa huko: ana pa kulala. Shangazi alimtandikia kitanda kwenye chumba cha kuwekea mashuka, akamwambia, “Mimi nimezalisha watu miaka thelathini na minne. Nusu ya waliomo mle ndani huenda nimewapokea kwa mikono hii. Wasalimie.”

Asubuhi ya kwanza getini walimpekua kama gunia. Simu ikabaki, kitana kikabaki, hata chingamu ikabaki. Chingamu? Ndiyo, chingamu. Askari mwanamke aliyempekua alimweleza kwa upole kabisa, kama mwalimu wa chekechea, kwamba chingamu iliyotafunwa vizuri huziba tundu la kufuli, na kufuli moja likizibwa watu mia mbili hawapati uji. Binti akabaki ameduwaa. Nani alikaa chini akaligundua hilo? Akajua hapo hapo kwamba huko ndani kila kitu kidogo kina historia yake, na historia hiyo haijaandikwa popote.

Chumba cha dawa kilikuwa na urefu wa hatua nane na upana wa hatua tano. Rafu za chuma pande mbili, friji lililokoroma kama mtu mnene aliyelala chali, na ukutani dirisha la nondo lenye upenyo chini, sawasawa na kimo cha kikombe. Mezani kulikuwa na kinu cheupe cha kauri kilicholika katikati kwa kutumika, na mchi wake. Nyuma ya kinu alikaa mfamasia mkuu wa gereza, mama wa makamo aliyepiga miaka ishirini na miwili kwenye kiti hicho hicho. Wafungwa walimwita Mama Kinu, na yeye mwenyewe aliitikia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekula? Mikono yako ina nguvu?”

“Ina nguvu, mama.”

“Basi twanga.”

Utaratibu ulikuwa huu. Saa tatu asubuhi dirisha linafunguliwa, mara moja tu kwa siku. Mfungwa anasimama, anataja namba yake. Kidonge chake kinatwangwa mpaka kiwe unga, kinamiminwa kwenye kikombe cha plastiki, kinatiwa maji, kinakorogwa. Anakunywa mbele yako, anapindua kikombe, anafumbua mdomo, anainua ulimi. Anayefuata.

“Vyote vinatwangwa, mama?”

“Vyote.”

“Hata cha kichwa?”

“Hata cha kichwa. Hapa kidonge kizima hakipiti.”

Siku ya pili mfungwa mmoja mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, jambo la ajabu mahali pale, aliinama kwenye upenyo akamuuliza, “Wewe ni daktari?”

“Hapana, mfamasia. Yaani, bado. Nasoma.”

“Kwa hiyo nusu.”

Foleni nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo akawa Nusu. Askari wakamwita Nusu. Mama Kinu akamwita Nusu. Shangazi aliposikia akasema, “Afadhali. Mimi kazini waliniita Mikasi.”

Huyo mrefu aliyembatiza alikuwa nyapara wa bweni la pili, mfungwa aliyepewa ukubwa juu ya wenzake. Yeye ndiye alipanga nani alale karibu na dirisha na nani alale karibu na ndoo ya choo. Walimwita Meya. Alikuwa na adabu tele, na Nusu alimpenda kwa sababu alifanya foleni inyooke.

Nyuma ya Meya, kila siku, alisimama mzee mmoja mfupi mwenye vidole vyembamba na kovu bichi juu ya jicho. Alikuwa fundi wa kushona kwenye karakana ya gereza, na alipewa jina la Babu Uzi. Alikuwa na kifafa. Kidonge chake kilikuwa kikubwa, cha waridi, chenye ngozi ngumu inayong’aa, na Nusu alipokitwanga kiliruka kikagonga ukuta mara mbili kabla ya kukubali kuvunjika.

“Kinakataa,” Nusu alisema.

“Hata mimi nilikataa siku ya kwanza,” Babu Uzi akamjibu kutoka dirishani. “Mwishowe unazoea.”

Basi Nusu akaanza kumwangalia. Alikuwa na daftari la mafunzo ambalo kila siku lazima liandikwe kitu, na siku nyingine kitu cha kuandika hakikuwepo, kwa hiyo akaandika Babu Uzi. Jumatatu: amelala juu ya cherehani saa tano, askari amempa onyo. Jumatano: anaona vitu viwili viwili, kashona mfuko mgongoni. Alhamisi: kaanguka alfajiri wakati wa kuhesabiwa, kapasua paji la uso. Ijumaa: amelala tena saa tano. Mchana analewa, alfajiri anaanguka. Kwa nini iwe hivyo hivyo kila wiki, kama ratiba?

Jibu lilikuwa kwenye kasha lenyewe, kwa herufi ndogo kama mchanga. Kidonge kile kilitengenezwa kitoe dawa polepole, kidogo kidogo, usiku na mchana. Ngozi ile ngumu ndiyo iliyokuwa bomba lake. Ukikimeza kizima unapata dozi ya siku nzima iliyosambaa. Ukikitwanga unakunywa siku nzima kwa mkupuo mmoja: saa tano unaona mbingu mbili, na alfajiri mwilini hakuna kitu. Chini ya maelezo hayo palipigwa mstari: Usiponde. Usitafune.

Nusu alilisoma lile kasha mara ya pili. Hebu fikiria. Daktari wa nje alimwandikia mzee kidonge cha polepole kwa sababu dirisha linafunguliwa mara moja tu kwa siku. Ndani wakakitwanga kwa sababu hapa kila kitu kinatwangwa. Miaka mitatu, kwa mujibu wa kadi yake! Wote wawili walikuwa na sababu, na katikati ya sababu zao mzee alikuwa anapasuka kichwa.

Akampelekea Mama Kinu lile kasha kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

Mama Kinu hata hakulishika. “Najua kilichoandikwa.”

“Unajua, mama?”

“Nimesoma kabla hujazaliwa, mwanangu.”

“Sasa kwa nini...”

“Kwa sababu zamani tulitoa vizima, na vilitembea. Huku ndani chochote kinachomlaza mtu kina mnunuzi. Kidonge kilimezwa dirishani saa tatu, saa nne kikatapikwa bwenini kwa kidole, jioni kikawa kwa mtu mwingine. Kinu kilikuja baada ya hapo. Kinu hiki unachokiona kijinga kina akili kuliko mimi na wewe.”

“Tutamkagua mdomo. Mimi mwenyewe nitamkagua, kwa tochi. Au basi tumpe cha kawaida, cha kutwangwa, asubuhi na jioni.”

“Jioni ipi? Milango inafungwa saa kumi. Ikifungwa imefungwa, haifunguliwi hata kwa maiti. Nimeomba dirisha la jioni mara tatu, nikaambiwa askari hawatoshi. Unatwanga maji kinuni, Nusu. Acha.”

Lakini nani ana miaka ishirini na miwili na akaambiwa “acha” akaacha? Usiku ule alimsimulia shangazi, na shangazi, ambaye maisha yake yote aligombana na waganga wakuu, akasema, “Andika. Karatasi haina miguu ila inafika mbali.” Hakuna kati yao aliyejiuliza inafika kwa nani.

Kabla ya kuandika, Nusu alipata nafasi ya kuongea na mzee. Ilikuwa siku ya kupima presha, na wafungwa waliletwa mmoja mmoja kwenye benchi ndani ya chumba cha dawa, askari akibaki mlangoni.

“Babu, unatoka lini?”

“Siku thelathini na tisa.” Hakuhitaji kufikiri. “Nilipewa miaka minne. Nimepata msamaha wa tabia njema, siku tisini zimekatwa. Yale maonyo ya kusinzia, mkuu wa karakana kanionea huruma hajayapeleka juu.”

“Ulifanya nini?”

“Nilishona.”

“Kushona ni kosa?”

“Alikuja mteja na kitambaa chake na vipimo vya watu sita. Anataka sare za walinzi. Nikamshonea, na vifungo nikavipanga vizuri. Sikumuuliza ni za nini. Wakazivaa wakaingia kwenye ghala la watu, mlinzi wa kweli akavunjwa mguu.” Alijitazama vidole. “Miaka minne kwa kutouliza. Si mingi.”

“Na ukitoka unaenda wapi?”

Hapo mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza, meno meupe pe, yamepangana kama vifungo vyake. “Kwa mama. Ana miaka tisini na moja. Alikuja kunitembelea mara moja, akabebwa kwenye kiti. Akaniambia, ‘Nitakusubiri, lakini usichelewe, mimi nina safari.’”

Nusu akacheka, kisha akawaza. Mzee huyu akianguka vibaya alfajiri moja kati ya hizo thelathini na tisa, basi. Akaandika barua usiku huo huo, kurasa tatu, na jedwali la siku na saa, na ile karatasi ya ndani ya kasha ameibana kwa pini. Aliuliza kitabu, aliuliza daftari, alimuuliza shangazi herufi kubwa zinawekwa wapi. Kumbe kuna mtu mmoja hakumuuliza.

Barua ilimfikia mkuu wa gereza wiki ambayo ilitoka taarifa kwamba wakaguzi wa afya watakuja. Akaipenda. Alimwita Nusu ofisini, akamsifu mbele ya watu, akasaini: mfungwa huyu apewe kidonge kizima, chini ya ukaguzi wa mdomo. Palihitajika saini mbili zaidi: Nusu aliweka yake papo hapo. Mama Kinu aliweka yake taratibu, kama mtu anayetia kidole kwenye maji asiyoyaamini.

“Nimesaini,” alisema. “Ila juu ya karatasi jina la kwanza ni lako.”

“Asante sana, mama!”

“Usinishukuru.”

Kesho yake saa tatu Nusu alifungua dirisha kwa furaha. Babu Uzi alipofika alimtangazia kwa sauti, kama anayempa zawadi harusini: “Babu! Kuanzia leo hutwangiwi tena! Unameza kizima! Ruhusa imetoka juu kabisa!”

Mzee aligeuza shingo nyuma, akatazama foleni. Siku hiyo Meya alikuwa amempisha mbele yake, kwa adabu yake ile ile, na alikuwa anatabasamu.

“Asante, mwanangu,” Babu Uzi akasema.

Nusu alidhani amekosa maneno kwa furaha. Akampa kidonge cha waridi, akampa maji, akamulika tochi. Juu ya ulimi, hakuna. Chini ya ulimi, hakuna. Mashavu, hakuna. Safi.

Na kwa siku sita mambo yalikuwa safi kweli. Mzee hakusinzia. Alfajiri hakuanguka. Mkuu wa karakana alikuja mwenyewe kuuliza wamempa nini, maana mifuko sasa ilikuwa inakaa pale mifuko inapokaa. Nusu aliandika kwenye daftari kwa kalamu ya kijani. Nyumbani alitembea kama anayesikia muziki, mpaka shangazi akamwambia, “Shuka chini, binti, utagonga dari.”

Siku ya saba mzee alianguka. Siku ya nane akaanguka mara mbili. Siku ya kumi, ambayo ilikuwa Ijumaa, alifika dirishani na mdomo umevimba, na hakuweza kutaja namba yake vizuri. Na bado tochi ilipopita, palikuwa safi.

Nusu akamwomba askari amlete ndani apimwe presha. Askari akakaa mlangoni. Mama Kinu alikuwa stoo ya nyuma anahesabu makasha.

“Babu, sielewi. Unameza mbele yangu. Dozi ni sahihi. Kwa nini unaanguka?”

Mzee alitazama mgongo wa askari. Kisha akaingiza kidole gumba mdomoni, akasukuma, na meno yote ya juu yakatoka. Yale meno meupe yaliyopangana kama vifungo. Ya bandia. Akayageuza kiganjani, na kwenye uvungu wa bamba la waridi, pale linapokaa juu ya kaakaa, kidonge cha waridi kilikuwa kimejibana, kimelowa kidogo tu pembeni.

Nusu alikuwa amemulika kila mahali. Lakini nani anamulika chini ya meno? Fomu ya chuo ya kumhoji mgonjwa ilikuwa na mstari wake kabisa, Meno: asilia au bandia, na yeye aliuruka kwa sababu mzee alitabasamu vizuri.

“Kwa nini, babu?” alinong’ona. “Ni dawa yako! Mimi nilihangaika...”

“Najua ulihangaika.” Bila meno sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi. “Siku sita za kwanza Meya alinivumilia. Ya saba akaniambia, ‘Babu, kila mtu bwenini anachangia.’ Kule nalala chini ya dirisha, kwenye hewa. Nisipoleta nalala kwenye ndoo, na kabla ya kulala kuna kipigo. Mdomo huu hakuuvimbisha kifafa.”

“Ungeniambia!”

“Ulitangaza mbele yake, mwanangu. Ningekuambia lini?” Akavuta pumzi. “Ile ya kutwangwa ilikuwa mbaya, ndiyo. Ilinilevya. Lakini ilikuwa yangu peke yangu. Nani ataiba maji ya kikombe? Hiki kizima kina wenyewe.”

“Hukuniuliza,” mzee akaendelea, si kwa hasira. “Sikulaumu. Hata mimi yule mteja sikumuuliza. Sasa nisikilize. Zimebaki siku ishirini na moja. Nirudishe kwenye kinu. Leo. Lakini jina la Meya usilitaje, maana nyinyi saa kumi mnaenda kwenu, mimi na yeye tunafungiwa pamoja.”

“Sawa, babu. Nitakurudisha.”

Akarudisha meno mdomoni. Kidonge hakukitoa. Nusu alikiona hakukitoa, akanyamaza, maana aliwaza usiku ule na ndoo ile.

Sasa hapo, kazi ilikuwa nyepesi kabisa. Kutembea hatua nane mpaka stoo, kumwambia Mama Kinu: mama, nilikosea, tumrudishe kwenye kinu. Maneno yenyewe hayazidi kumi. Lakini kurasa tatu zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mkuu wa gereza. Wakaguzi walikuwa wanafika Jumatatu. Wangemsifu. Mkuu aliwahi kumwambia kwamba barua kama ile inaweza kumfuata mtu mpaka kazini. Akiifuta leo atasema nini? Na sababu ataandika ipi, bila Meya? Akafika mlangoni mwa stoo, Mama Kinu akainua uso kutoka kwenye makasha.

“Kuna nini?”

“Hakuna kitu, mama.”

Jumatatu, alijiambia. Jumamosi na Jumapili ni siku mbili tu. Wakaguzi wakishaondoka, Jumatatu jioni, nitaandika vizuri.

Jumapili alfajiri, wakati wa kuhesabiwa, Babu Uzi alianguka kwenye sakafu ya saruji mbele ya watu mia mbili. Alitikisika muda mrefu. Meno yakamtoka yakateleza mpaka kwenye buti la askari, na askari alipoinama kuyaokota, kikadondoka kidonge kimoja cha waridi, cha jana yake, ambacho mwenyewe alikuwa bado hajakipokea, kizima, kinang’aa.

Shauri lilisikilizwa Jumanne, siku moja baada ya wakaguzi kuondoka. Chumba kilikuwa kile kile alichosifiwa Nusu, na barua yake bado ilikuwa ubaoni. Babu Uzi alisimamishwa katikati, kichwa kimefungwa bandeji, meno yamo kwenye mfuko wa nailoni juu ya meza kama ushahidi. Kosa: kuficha dawa za serikali kwa nia ya kuzigawa.

“Ulikuwa unampa nani?” mkuu aliuliza.

“Simpi mtu, afande. Nilikuwa nakusanya.”

“Wewe,” mkuu akamgeukia Nusu. “Ulikuwa unamkagua kila siku. Ulijua?”

Alimtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza inzi. Nusu akamtazama Mama Kinu, ambaye alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

“Nilijua Ijumaa,” Nusu alisema. “Aliniambia mwenyewe. Aliomba arudishwe kwenye kinu. Kosa ni langu, afande, mimi ndiye niliyechelewa.”

Mkuu wa gereza akaegemea kiti. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuuma Nusu zaidi baadaye, kwamba alitafuta mtu mbaya kwenye chumba kile akamkosa.

“Umesema ukweli na nimekusikia,” alisema. “Lakini ukweli wako haufuti kidonge. Kidonge kimeonekana na watu mia mbili. Nikikiachia hiki, kesho vitakuwa hamsini.” Akachukua kalamu. “Siku tisini za msamaha zimefutwa. Ruhusa ya kidonge kizima imefutwa. Kila mwenye meno ya bandia atayavua dirishani kabla ya kupewa dawa.”

Huo wa mwisho ukawa utaratibu mpya, na kwa hakika mwaka kesho mwanafunzi mwingine ataukuta, atashangaa, atauliza nani aliugundua.

Siku tisini. Nusu alizihesabu kwa vidole palepale, kijinga, kama mtu asiyejua hesabu. Tisini, na zile kumi na saba zilizobaki. Tisini na moja ilikuwa miaka ya mama wa mzee.

Nyumbani alimwambia shangazi kila kitu. Shangazi, ambaye hakukosa mzaha hata kwenye misiba, siku hiyo aliukosa. Alikaa akiyasugua magoti.

“Na mimi nilikuambia andika,” akasema mwishowe.

“Si wewe, shangazi.”

“Mimi pia. Tulia, hilo nalibeba mwenyewe.”

Meya hakuguswa. Aliendelea kunyoosha foleni, shati lake limepigwa pasi. Alipofika dirishani alisema, “Habari za asubuhi, daktari Nusu,” na Nusu akamkorogea dawa yake ya presha, akampa, kwa sababu ilikuwa zamu yake na presha haichagui mtu. Kama alitegemea kuona aibu machoni mwake, hakuiona. Aliona mtu aliyelala vizuri karibu na dirisha.

Na Babu Uzi? Alihamishiwa kwenye ndoo.

Mama Kinu hakumwambia “nilikuambia.” Nusu aliingoja siku nzima, akaingoja wiki nzima, akaitamani kama mtu anavyotamani kutapika. Siku ya mwisho, wakati anasaini daftari la mafunzo, ndipo mama yule alipofungua mdomo.

“Mimi wangu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nilimpa vizima kwa sababu tumbo lilikuwa linamuuma akinywa unga. Bwenini walimvunja taya wakivitafuta mdomoni.” Akapuliza wino ukauke. “Nilipaswa kukuambia hilo mapema. Nilisema vilitembea, basi. Hata mimi nilikuwa naona haya.”

Kwenye daftari aliandika: Mwanafunzi ana bidii, anajali wagonjwa. Amefaulu. Nusu alisoma yale maneno, yakamwasha kama pilipili kwenye kidonda.

“Mama, uandike ukweli.”

“Ukweli gani? Una bidii. Unajali. Hayo yote ni kweli.” Akamsukumia kinu. “Saa tatu imefika.”

Dirisha likafunguliwa. Wakapita mmoja mmoja, namba kwa namba, mpaka akafika mzee mfupi mwenye bandeji. Hakungoja kuambiwa. Aliingiza kidole gumba, akayavua meno, akayaweka kwenye sinia la chuma kwenye upenyo, yakalia kama kijiko.

Nusu alichukua kidonge cha waridi. Alijua sasa kila kitu ambacho kidonge kile kingefanya. Alijua saa tano mzee atalewa, alijua alfajiri kitakuwa kimeisha, alijua sakafu ile ya saruji. Akainua mchi. Kidonge kikaruka, kikagonga ukuta wa kinu, kikarudi. Akakipiga tena. Kilikuwa kigumu kweli, kilitengenezwa na watu waliokusudia kidumu. Mara ya tatu kikavunjika.

Akamimina, akatia maji, akakoroga. Mzee akanywa, akapindua kikombe, akafumbua mdomo mtupu. Nusu hakumulika tochi.

“Leo unatoka,” mzee akasema, maneno yakipita kwenye fizi.

“Natoka, babu.”

“Wiki nane. Umemaliza zote?”

“Zote.”

“Vizuri. Usichelewe kwenu.” Akaokota meno yake, akayafuta kwa upindo wa shati alilolishona mwenyewe, akayavaa. Kisha akasogea pembeni, maana nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

“Anayefuata,” akasema Nusu.